KLAPE YA POMPI HULINDA MOTERI NA NGOZI YAKO



Moteri inayopozwa na pompi mbili za umeme zilizofungwa sambamba inahitaji klape mbili, kila pompi na yake, pale maji yanapotokea. Klape ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Bila klape, pompi moja ikisimama, maji ya nyingine hurudi kupitia ile iliyosimama na kuzunguka bure. Moteri huchemka, na mtu hukimbilia kufungua kifuniko cha radiateri. Hapo kazi ya fundi hugeuka kazi ya dispanseri.

Unapochagua klape, angalia mambo matano:

1. Upana. Isiwe nyembamba kuliko bomba.

2. Resori. Pompi nyingi za namna hii hazina msukumo mkubwa. Resori ngumu huzuia maji. Klape ya bawaba hupitisha maji kwa urahisi, lakini ifungwe pale bomba linapolala au maji yanapopanda. Klape ya resori hukaa upande wowote. Tafuta yenye resori laini.

3. Joto. Chini ya kifuniko chenye mgandamizo wa bar 1, maji huchemka karibu digri 120, si 100. Plastiki ya bomba la maji ya kunywa haifai. Chukua shaba ya manjano au chuma kisichoshika kutu.

4. Mshale. Ufuate mwendo wa maji.

5. Mahali. Usiweke klape kwenye njia ya kwenda chombo cha akiba. Maji ya moto hupanuka. Yakikosa pa kwenda, bomba hupasuka.

Moteri ikichemka, izime na ungoje. Kifuniko kikifunguliwa kingali moto, maji hugeuka mvuke mara moja na kurukia uso. Ikiisha kupoa, toa waya wa batri kabla ya kushika kitu, maana pompi na ventilateri huweza kuanza zenyewe.

Mtu akiungua: mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mvue pete na saa, funika jeraha kwa kitambaa safi, umlete dispanseri. Usipake mawese, dawa ya meno wala udongo.

Akina mama, dawa inayochanganywa na maji ya radiateri ina ladha tamu, nayo ni sumu. Isiwekwe katika chupa ya kunywea, na bidoni yake isichotewe maji.