SOMO: SADAKA KWA BINTI ALIYEZAA AKIWA SHULENI

Huulizwa mara kwa mara misikitini: je, yafaa mtu atoe mali yake kwa ajili ya msichana aliyepata mimba kabla ya nikahi akaondolewa shule? Wako wasemao kwamba kumsaidia ni kuipamba zinaa. Neno hili lataka kupimwa kwa mambo yalivyo, si kwa hasira.

Katika wilaya ya Rungwe, mbali kidogo na mji wa Tukuyu, iko Kisiba, kando ya ziwa lililotuama ndani ya shimo la mlima wa moto uliozimika zamani. Mvua huko ni nyingi na migomba imeshonana. Kwa desturi ya kale ya Wanyakyusa, wavulana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, na baadaye wazee wakawaachia nchi na uongozi. Desturi njema, ila fungu la msichana lilikuwa ni kuolewa tu.

Binti wa pande hizo aliyezaa akiwa mwanafunzi alikosa pa kurudi, kama wenzake wa nchi nzima. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021 serikali ikaufungua mlango huo. Lakini ruhusa si nauli, wala haimlei mtoto mchanga mama yake akiwa darasani.

Hapo ndipo wahisani na serikali walipofaa kushikana mikono. Serikali ina vyuo vya maendeleo ya wananchi 54, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, na kimoja kiko Katumba, katika Rungwe hiyo hiyo. Vyuo ni mali ya serikali, na walimu ni wake. Chama kiitwacho Karibu Tanzania Organization kikapatana nayo, na kwa mpango wa Elimu Haina Mwisho wasichana walioacha shule husoma tena masomo ya sekondari pamoja na kazi za mikono. Na vyuoni huwekwa mahali pa kulelea watoto, ili mama asome na mwanawe yu karibu. Hili la mwisho ndilo shina la jambo lote, ingawa wanaume hulipita upesi wakilisoma. Pasipo mlezi, binti huhudhuria juma moja akarudi kwao.

Sasa hukumu. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyetoa sadaka usiku. Siku ya kwanza ikamwangukia mwizi, ya pili mwanamke mzinifu, ya tatu tajiri. Watu wakasema maneno yao. Naye akabashiriwa kwamba huenda mwizi akaacha wizi wake, na mwanamke zinaa yake, na tajiri akazingatia. Ikiwa ni hivyo kwa mzinifu, yasemwaje kwa binti wa miaka kumi na mitano ambaye pengine alidanganywa, au alishikwa kwa nguvu? Na yule aliyempa mimba mara nyingi yuko nje ya lawama, wala hakuna aliyeuliza kama yafaa kumsaidia. Mtoto naye hana dhambi yoyote.

Lakini zaka si sawa na sadaka, na hapa wengi huchanganya. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, na kwa madhehebu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa haihamishwi kutoka mji wake wakiwapo wanaostahiki. Wala haipewi asiyekuwa Mwislamu, na wakazi wengi wa Rungwe ni Wakristo. Kwa hiyo zaka ya Pangani au Lindi ibaki huko huko, kwa mabinti maskini wa huko, nao hawakukosekana. Sadaka ya hiari haina mipaka hiyo: yaweza kupelekwa Katumba, na kupewa Mkristo, maana Sura ya Mumtahana, aya ya 8, haikukataza wema kwa wasiowapiga vita Waislamu.

Atakaye kutoa amwulize kwanza mkuu wa chuo ni kitu gani kinachopungua, kiwe ni uji wa watoto au kitambaa cha kushonea, akitoe hicho, na achukue stakabadhi mbele ya shahidi.