Ukurasa wa malipo umekwama? Soma SMS kabla ya kubonyeza tena

Tovuti ni ile ile na bei ni ile ile, lakini simu mbili zinaonyesha mambo tofauti. Mteja wa Migori mjini anayetumia Chrome anaona kitufe cha "Lipa" vizuri chini ya bei. Mwenzake wa Mbita, kwa Opera Mini, anaona nusu ya kitufe, au anakibonyeza na haoni chochote kikitokea. Hakuna aliyekosea hapo.

Ukurasa wa tovuti haufiki kwa simu yako kama picha iliyokamilika. Unafika kama maagizo, na kivinjari, yaani Chrome, Opera Mini, Safari au Firefox, ndicho kinachouchora. Baadhi ya maagizo hayo yameandikwa kwa JavaScript, na ndiyo yanayofanya kitufe kiitikie na ukurasa ubadilike bila kufunguliwa upya.

Opera Mini inapendwa kwa sababu inabana bando. Ukiiweka kwenye uokoaji wa data wa juu kabisa, ukurasa hupitia kwanza kwenye kompyuta za Opera, hubanwa huko, kisha unaletewa ukiwa umeshachorwa. Bando linaokoka kweli. Lakini JavaScript inayotakiwa kuendelea kufanya kazi chinichini kwa simu yako haiendelei.

Hapo ndipo pesa huingia hatarini. Ukibonyeza "Lipa", ombi la PIN haliji kupitia kivinjari. Linakuja kupitia laini yako. Unaweka PIN, pesa inatoka, SMS inaingia. Wakati huo ukurasa unatakiwa kuuliza kila baada ya sekunde chache kama malipo yamefika. Kwa Chrome utauona ukibadilika. Kwa ile hali ya kubana data unaweza kubaki umeandikwa "Tunasubiri malipo yako" hata baada ya nusu saa. Mtu anaona haijaenda, anabonyeza tena, ombi la pili linakuja, anaweka PIN tena. Amelipa mara mbili.

Kwa hivyo usiamini ukurasa, amini SMS ya M-PESA au Airtel Money. Kama haijaingia, angalia salio au taarifa fupi ya akaunti; kwa M-PESA piga *334#. (Ukiwa karibu na mpaka kule Isebania, simu inaweza kushika mtandao wa Tanzania na SMS ikachelewa, kwa hivyo angalia kwanza uko kwenye mtandao upi.) Kama pesa imetoka na ukurasa bado umeganda, mpigie muuzaji umsomee namba ya muamala. Usilipe tena.

Kama tatizo ni kitufe kujificha, mara nyingi kibodi imekifunika. Ifunge, kisha sogeza ukurasa juu. Ikishindikana, geuza simu ilale, au punguza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio. Bado? Zima uokoaji wa data, au fungua kwa kivinjari kingine. Na kama muuzaji ana Paybill au Till, achana na tovuti ulipe kwa menyu ya simu. Kwa wengi wenye kabambe hiyo ndiyo njia rahisi zaidi.

Jambo moja halina uhusiano na kivinjari chochote: ukurasa ukikuletea kisanduku cha kuandika PIN yako ya pesa ndani ya tovuti yenyewe, huo ni wizi. Ufunge.

Wewe mwenye lodge Rusinga au duka Rongo unayeuza kwa tovuti, mwambie fundi wako mambo mawili. Asipime urefu wa ukurasa kwa 100vh peke yake, maana kwa simu nyingi upau wa anwani hula sehemu ya chini na kitufe kikapotea; 100dvh hufuata nafasi iliyopo kweli, ingawa vivinjari vya zamani havikijui kipimo hicho, kwa hivyo aandike vyote viwili, 100vh kwanza. Pili, kufuli la kuzuia oda moja kulipwa mara mbili liwe kwenye seva. Likiwa kwenye JavaScript ya ukurasa tu, mteja ambaye simu yake haiendeshi JavaScript hiyo hana kinga yoyote. Kisha azima simu ya bei ya chini yenye Opera Mini, ulipe shilingi kumi kwa tovuti yako mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi SMS iingie.