Dondoo muhimu: Data ya vitabu kwanza, programu baadaye

Ukitengeneza programu huria ya kubadilishana taarifa za vitabu, usiifanye ISBN, namba ya kimataifa ya utambulisho wa vitabu, kuwa kitambulisho pekee. Namba hiyo ilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970, ilhali riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951. Mfumo unaotegemea ISBN peke yake utalikataa toleo la kwanza, kisha utayahesabu matoleo ya baadaye kama vitabu tofauti. Open Library, mradi wa Internet Archive, hutenga rekodi ya kazi yenyewe na rekodi ya kila toleo, kila moja na kitambulisho chake. Fuata mfano huo. Hifadhi pia majina mbadala ya mwandishi: "Shaaban Robert" na "Robert, Shaaban" ni mtu mmoja, lakini kompyuta haijui mpaka iambiwe.

Hapa ndipo wengi husita: ruhusu data yote ipakuliwe kwa mkupuo, si rekodi mojamoja. Utaambiwa washindani watajichotea bure. Ni kweli, watachota. Hata hivyo Open Library hutoa nakala nzima kila mwezi na wachangiaji bado wanasahihisha rekodi palepale, maana nakala ya mwezi uliopita haina masahihisho ya leo. Kuhusu makosa ya wachangiaji, tunza historia ya kila badiliko ili kosa liweze kutenguliwa. La kuogopwa zaidi kuliko washindani ni data iliyofungiwa ndani ya mradi mmoja: fedha zikikatika, seva huzimwa, na jasho la wachangiaji la miaka mingi hupotea nayo.