Jasho na kutetemeka si sumu inayotoka mwilini

SWALI: Daktari, nina miaka 43, uzito wangu ni kilo 88 na urefu sentimita 160. Wenzangu kazini walinishauri nifunge saa 16 kila siku, niwe nakula kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku tu. Wiki mbili za mwanzo nilipungua kilo 3, nikafurahi sana. Sasa ni mwezi wa pili, mzani umegoma. Tena asubuhi kichwa kinauma, mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Wanasema hiyo ni sumu inatoka mwilini nivumilie. Je, niongeze saa za kufunga? Nimesahau kusema, nina kisukari, natumia metformini na glibenklamaidi. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Dada, habari ya dawa umeiweka mwishoni mwa barua, lakini mimi naanza nayo, maana ndiyo inayonitia wasiwasi.

Glibenklamaidi huilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Ndiyo sababu huwa tunasisitiza inywewe na chakula. Kama bado unaimeza asubuhi ulivyozoea, kisha unakaa hadi saa 6 mchana bila kutia kitu tumboni, insulini inaendelea na kazi yake na sukari kwenye damu inashuka kupita kiasi. Jasho, kutetemeka, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio: hizo ni dalili zake. Ikishuka zaidi mtu huchanganyikiwa, akaanguka, hata akapoteza fahamu. Metformini peke yake ni nadra kuleta hali hii. Wenzako wanakutakia mema, ila katika hili wanakupoteza. Sumu mwilini hushughulikiwa na ini na figo usiku na mchana, na viungo hivyo havisubiri mtu afunge.

Kwa hiyo kuanzia kesho kunywa chai yako asubuhi na kitafunwa. Dalili zikirudi, pima. Kipimo kikisoma chini ya milimoli 4 kwa lita, au kama huna kipimo karibu, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji unywe. Subiri dakika 15 upime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula chakula cha kawaida. Usiache dawa wala kupunguza vidonge kwa uamuzi wako. Waislamu wenye kisukari hushauriwa waonane na daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani ili dawa zao zipangwe upya. Wewe umefunga kwa zaidi ya mwezi bila hata kumdokeza muuguzi.

Sasa tuje kwenye uzito. Kilo 88 kwa urefu wako ni nyingi, na nia yako ya kupungua ni sahihi kabisa. Zile 3 za mwanzo, hata hivyo, sehemu kubwa yake haikuwa mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu 3 hivi za maji. Ukianza kujinyima, akiba inatumika, maji yanakwenda nayo chooni, na mzani unakupa habari njema kabla mafuta hayajaguswa vya kutosha. Baadaye ndipo mzani unaposema kweli.

Je, kufunga kwa vipindi kunapunguza mwili? Kunapunguza, kama kunakufanya ule kidogo kuliko ulivyokuwa ukila. Mwaka 2020 watafiti wa San Francisco, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 116 waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliokula kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku, ratiba yako hasa, walipungua chini ya kilo moja kwa wastani, na hawakuwazidi kwa maana yoyote wale waliokula milo mitatu ya kawaida. Tena sehemu ya uzito waliopoteza ilikuwa misuli. Mwaka 2022 wenzao wa Guangzhou, China, walitoa matokeo ya mwaka mzima: watu 139 wote walipunguziwa chakula, nusu yao wakabanwa pia na saa. Makundi yote mawili yalipungua vizuri, kilo 8 na kilo 6 na ushee, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kwa saa kupewa sifa. Wapo wanaotaja Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016, iliyohusu jinsi seli zinavyosaga taka zake, kama ushahidi wa kufunga. Mshindi wake, Yoshinori Ohsumi wa Japani, alifanya kazi yake kubwa kwenye hamira, si kwenye vitambi vya watu.

Anayedhani kufunga kwenyewe kunatosha awaulize wanaomaliza Ramadhani na kilo za ziada. Futari ya mihogo ya nazi, tambi, sambusa na kaimati, kisha daku, inarudisha yote ya mchana na nyongeza juu. Hukuniandikia unakula nini ukifungua, ila nawajua wengi wa ratiba yako: saa 6 wanavamia wali kwa njaa ya tangu jana, na saa 2 kasoro robo usiku wanakimbizana na sahani ya ugali wasipitwe na muda. Kisha wanalala.

Ningekuwa wewe, ningeugeuza mpango huo. Chakula cha jioni kiwe saa 1, kisha jiko lifungwe hadi saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 12, na daktari wako akikubali zinakutosha. Ugali ukubwa wa ngumi yako, mchicha au tembele ijaze nusu ya sahani, na usikose dagaa, maharage au yai ili misuli isiliwe. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120. Soda iwe ya dharura ya sukari kushuka tu. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Ukipungua kilo 4 au 5 tu, sukari na presha huanza kukaa vizuri.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na waliokonda wasijaribu kabisa kufunga kwa ajili ya uzito.

Wiki hii nenda kliniki ya kisukari na vidonge vyako vyote pamoja na daftari la vipimo, umweleze daktari saa unazokula na hizo dalili za asubuhi. Mpaka umwone, usiruke kifungua kinywa.