Mas'ala ya Mnyama Alaye Najisi, na Haki ya Malisho Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Amma baad.

Alacho mnyama ndicho kimkuzacho: hugeuka nyama na mafuta, kikawa maziwa, kikawa yai. Kwa hivyo Sharia imeuliza mnyama amechinjwaje, tena ikauliza alikuwa akila nini. Watu wa mijini hughafilika sana na swali hili la pili, maana kuku wao hushinda majaani, na mbuzi wao hurudi jioni bila ya mtu kujua wameshiba kitu gani.

Mnyama mwenye kula najisi, kama vile mavi, huitwa kwa Kiarabu jallala. Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuliwa jallala na kunywewa maziwa yake. Na wamepokea Bukhari na Muslim ya kuwa Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) aliletewa chakula chenye nyama ya kuku; mtu mmoja akajitenga, akasema kuwa alimwona kuku akila kitu kikamchukiza, akaapa hatamla. Abu Musa akamwita ale, akamwambia kuwa alimwona Mtume (s.a.w.) akila nyama ya kuku. Basi adhaniye kuwa kila kuku aliyedonoa uchafu ameharimika, huyo amezidisha. Na adhaniye kuwa jambo hili halina hukumu, huyo amepunguza.

Wako waliotazama wingi wa najisi alayo. Lakini kauli sahihi katika madhehebu ya Imam Shafi ni kutazama athari: ikidhihiri harufu ya najisi katika jasho lake au nyama yake, ndipo hukumu ishikapo. Hapo Imam Rafii (aliyefariki mwaka 623 H.) alisema kuwa kumla ni haramu; Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H.) akasahihisha katika Minhaj kuwa ni makuruhu. Maziwa na mayai hufuata nyama.

Wala isichanganywe harufu na najisi. Kuku alishwaye dagaa kwa wingi, mayai yake hunuka samaki hata mlaji akakunja pua, naye si jallala, kwani samaki ni twahara hata akiwa mfu. Damu ya machinjioni ni mbali: hata ikikaushwa ikasagwa katika chakula cha kuku, ingali najisi, na mfugaji hana budi kutazama athari yake.

Dawa ya jallala ni kulishwa chakula twahara mpaka nyama itengenee. Wanavyuoni wametaja ngamia siku 40, ng'ombe 30, mbuzi na kondoo 7, na kuku 3. Siku hizo ni kwa mujibu wa mazoea, na kinachotazamwa ni kuondoka kwa harufu. Kuiosha nyama au kuipika baada ya kuchinja hakuondoi karaha. Ibn Umar alikuwa akimfunga kuku siku tatu, na wako leo wamfungao hizo siku tatu wasimpe kitu ila maji, wakadhani wametimiza. Kimtengenezacho ni malisho, si kizimba! Apewe mtama, pumba na majani mabichi. Na atagaye aongezewe maganda ya chaza yaliyopondwa, kwani ganda la yai lataka chokaa, na asipoipata katika chakula huitoa mifupani mwake.

Mbuzi ana jambo lake. Tumbo lake la kwanza limejaa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vimsagiavyo majani. Akitolewa jaani ghafula, akamwagiwa kapu la mahindi ili anenepe kabla ya Idi ya kuchinja, tumbo huchacha, akavimba, na pengine akafa. Aanzwe kwa majani, na nafaka iongezwe kidogo kidogo.

Na iko mifuko ya plastiki, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini mabaki yake hayajaisha majaani. Plastiki si najisi. Lakini haisagiki tumboni. Hujikusanya humo, mbuzi akaonekana ameshiba, naye yuafa kwa njaa. Hapa mas'ala yametoka katika mlango wa vyakula yakaingia katika mlango wa nafaqa. Kumlisha mnyama ni wajibu wa mwenyewe. Kumwachia ajilishe kwatosha iwapo huko aendako yako malisho ya kumshibisha, na jaani si malishoni. Mwenyewe akikataa, kadhi humlazimisha moja katika matatu: amlishe, amuuze, au amchinje.

Wala si halali kumkama mama hata mwanawe akadhurika. Ndama ahitaji dang'a kuliko maziwa yote yajayo baadaye, kwa kuwa kinga iliyomo hupenya utumboni mwake siku ya kwanza tu, kisha njia hiyo hufungika. Akamaye dang'a akawagawia jirani kabla ya ndama kunyonya, amewapa haki ya mwingine. Ndama anyonye kwanza, tena katika saa za mwanzo. Kibakicho ndicho cha mwenye ng'ombe.

Wallahu aalam.