Picha Zinazotembea: Zana Iwe Mkononi mwa Mwanafunzi

Utangulizi

Katika makala haya tunajadili zana ambayo wanachuo wengi huidhania kuwa ya shule za mijini tu: picha zinazotembea, yaani katuni na video.

Nchini mwetu zana hii si ngeni. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 2013, hutengeneza vipindi vya katuni kwa Kiswahili. Uchunguzi wa Dina Borzekowski, uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa watoto waliotazama kipindi cha Akili and Me waliwazidi wenzao katika kuchora, kutambua maumbo na kuhesabu. Hata hivyo, mwaka 2002 Barbara Tversky na wenzake walipitia uchunguzi mwingi, wakaona kuwa picha inayotembea mara nyingi haifundishi zaidi ya picha zilizotulia zenye habari zilezile. Hupita upesi, jicho lisiweze kuifuata. Basi ni wakati gani zana hii hufundisha?

Tuliyoyaona Mbangala

Tulipowatembelea wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Mbangala, mkoani Songwe, tulimkuta mmoja wao akifundisha kuota kwa mbegu katika Darasa la Nne. Aliwaonyesha wanafunzi video fupi ya punje ya mahindi ikiota, kwa simu yake. Darasa lilichangamka. Kisha aliwaagiza wachore walichokiona. Wengi walichora punje, halafu mmea wenye majani. Katikati hapakuwa na kitu. Wengine walichora jani likitoka kabla ya mzizi. Hao ni watoto wa wakulima wa mahindi! Walikuwa wametazama, lakini hakuna aliyetakiwa kuamua lolote.

Mwanachuo yule alivunjika moyo. Tulimshauri aiweke simu kando na kuandaa somo upya kwa hatua zifuatazo.

Hatua za somo

1. Wagawe wanafunzi katika vikundi vya watu watano. Kila kikundi kipande punje 8 za mahindi katika kopo la udongo wenye unyevu.

2. Kila siku kikundi kifukue punje moja na kuichora katika karatasi yenye ukubwa wa robo ya ukurasa wa daftari. Mstari wa usawa wa udongo uwe mahali pamoja katika picha zote.

3. Baada ya siku 8 patakuwa na picha 8 na nafasi 7 baina yake. Kwa kila nafasi, wanafunzi wachore picha moja ya katikati. Wape muda wa kubishana: mzizi ulikuwa umefika wapi? Chipukizi lilikuwa limetokeza?

4. Picha zote 15 zipangwe na kushonwa upande mmoja kwa uzi. Zikipekuliwa upesi kwa kidole gumba, mmea utaonekana ukiota.

Kijitabu cha namna hii kilipata hataza nchini Uingereza mwaka 1868, kwa jina la John Barnes Linnett. Shule yenye kishikwambi yaweza kutumia ScratchJr, programu iliyotolewa Marekani mwaka 2014 ili watoto wa miaka 5 hadi 7 watunge katuni zao wenyewe. Kanuni ni ileile: mtoto ndiye anayeamua hatua ipi ifuate.

Matokeo

Tuliporudi baada ya majuma mawili, tulikuta ubishi mkali. Kikundi kimoja kilikuwa kimechora punje ya mahindi ikiinuliwa juu ya udongo. Wenzao walikataa, wakasema hayo ni mambo ya maharage. Walipanda vyote viwili, wakafukua, wakaona: punje ya mahindi hubaki chini, mbegu ya maharage huinuliwa juu. Video haikuwa imezua swali hilo.

Tahadhari

Usichore ubaoni kwanza, kwani wanafunzi watanakili mchoro wako. Unaposahihisha, pima mpangilio wa hatua. Mchoro mbaya wenye mpangilio sahihi ustahili alama. Ukiwa na video, ionyeshe mwishoni, wanafunzi wailinganishe na kazi yao.

Zoezi kwa mwanachuo

Chagua mada moja ya sayansi yenye mabadiliko ya hatua kwa hatua. Tengeneza kijitabu chake wewe mwenyewe kabla ya kwenda darasani, kisha eleza ni picha ipi ya katikati iliyokutatiza, na kwa nini.