Mtoto Yuko Kifuani, Moyo Bado Haujafika

Wiki ya pili tangu ujifungue, saa tisa usiku, ghorofani Alief, Houston. Kiyoyozi kinavuma, mume yuko zamu ya usiku, nawe umempakata mtoto unamtazama kama mtoto wa jirani uliyeachiwa kwa muda. Umemnyonyesha, umembadilisha nepi. Ile furaha uliyoahidiwa huioni.

Mama, hilo halikufanyi mzazi mbaya. Kwa wengi mapenzi huja kwa mazoea, mikono ikitangulia.

Basi anza na mikono. Punguza kiyoyozi, mvue mtoto abaki na nepi, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo kwa khanga. Ndiyo njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá mwaka 1978 kwa watoto njiti, na aliyetimiza miezi yake pia inamfaa. Usingizi ukikujia, mrudishe kitandani kwake. Kusinzia naye kwenye kochi ni hatari. Akiwa macho, mwinamie uso wako uwe kama sentimita 25 kutoka kwake, kwani mbali zaidi ya hapo anaona ukungu. Kisha sema naye. Huna la kusema? Mweleze unachopika. Sauti yako aliizoea tangu tumboni.

Linaloniuma zaidi ni arobaini. Kwetu pwani mzazi hukaa siku 40 akikandwa maji ya moto, akinywa uji wa pilipili manga, mtoto akioshwa na wengine. Huku Houston, mama yako hakupata viza, shangazi yuko Mombasa, na siku ya nne umeshasimama jikoni. Mtu aliyechoka hivyo atapenda kwa nguvu zipi? Kwa hiyo omba msaada, na itaje kazi yenyewe: "Dada, njoo Jumamosi unifulie, unipikie mchuzi." Mtoto abaki kwako, wageni wachukue vyombo.

Machozi ya siku za mwanzo kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au usingizi ukikukataa hata mtoto akiwa amelala, huenda ni sonona, nayo inatibika. Piga 1-833-852-6262, simu ya taifa ya afya ya akili ya akina mama, bure, usiku na mchana, uombe mkalimani wa Kiswahili. Hospitalini pia mdai. Mumeo au binti yako asikutafsirie, maana kuna mambo hutayasema mbele yao. Ukiwa ulijifungua kwa Medicaid ya Texas, tangu Machi 2024 unahudumiwa miezi 12 baada ya kujifungua badala ya miwili. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti zisizo na mtu, mkabidhi mtoto kwa mtu mzima na upige 911 saa hiyohiyo.

Ukimpeleka mtoto kliniki, huenda ukapewa karatasi ya maswali 10 kuhusu hali yako ya siku saba zilizopita. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa taabani. Kwenye karatasi hiyo, jaza ulivyo.